Gari linagonga miguu: nini kibadilishwe sasa na nini kisubiri?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro, na ninaendesha Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998 niliyoinunua mkononi mwa mtu miaka sita iliyopita. Kila siku napita kilomita kama 14 za barabara ya vumbi, na mara moja kwa mwezi nakwenda Dar es Salaam. Sasa gari linagonga mbele, ko-ko-ko, hasa nikitembea polepole kwenye changarawe. Nikishika breki linavutia kushoto, shokapu ya mbele kulia ina mafuta, na tairi la mbele kushoto limelika upande wa ndani. Fundi amenipa orodha ya shilingi 1,300,000: shokapu za mbele 280,000 na za nyuma 240,000, maunti mbili za mbele 70,000, bushi nne za kontro amu 80,000, bolijointi mbili 90,000, tairodi mbili 70,000, reki endi mbili 70,000, stabilaiza linki mbili 50,000, bushi zote za nyuma 150,000, na ufundi 200,000. Mimi nina shilingi 750,000. Je, nisubiri fedha zitimie, ninunue vya mtumba, au niliuze?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nashukuru kwamba umeanza na dalili kisha ukaja kwenye bei, maana wengi hunitumia bei peke yake na kuniuliza kama wameibiwa, nami huwa sina la kuwajibu. Orodha ya fundi wako haina wizi ndani yake, kwa kuwa kila kifaa alichokitaja kipo kwenye Corolla 110 na kila kimoja huchakaa. Ila nikiisoma naona ameandika umri wa gari lako, hajaandika alichokipima. Gari la mwaka 1998 likiingia gerejini ni rahisi kutaja kila chenye mpira na kila chenye goroli, na mteja akilipia vyote sauti itaondoka bila mtu yeyote kujua ilikuwa inatoka wapi.

Maoni yangu ni kwamba usisubiri, wala usiuze. Fanya miguu ya mbele, yaani shokapu na viungo vinavyoshika magurudumu, kwa mkupuo mmoja, ya nyuma iache kwa sasa, na kila kifaa kiingie kwenye hesabu baada ya fundi kukitikisa mbele yako ukaona kwa macho yako kwamba kinacheza. Nitakueleza namna ya kukitikisa, kwa sababu hapo ndipo fedha yako inapookoka au kupotea.

Tuanze na sauti, ingawa ndiyo yenye hatari ndogo kuliko yote uliyoyataja. Ko-ko-ko ya changarawe kwa mwendo mdogo mara nyingi hutoka kwenye stabilaiza linki, yaani vile vijiti vifupi vinavyounganisha fimbo ya stabilaiza, ile inayopunguza gari kulala kwenye kona, na mguu wa gurudumu. Ncha zake zina vigoroli vilivyokaa ndani ya vikombe, na vikombe vikishapanuka, kila kokoto linalokanyagwa na tairi moja huvifanya vigonge. Shokapu iliyochoka haisemi hivyo: gari likiingia shimoni hupiga kishindo kimoja kizito, kisha likaendelea kunesa kama godoro. Tafuta tuta pana la lami, ulipande polepole matairi yote mawili ya mbele yakigusa kwa pamoja, kisha urudi ulipande kwa mshazari, tairi moja likitangulia. Fimbo ya stabilaiza hujipinda pale tu gurudumu moja linapopanda kuliko lenzake, kwa hiyo kama mara ya kwanza kulikuwa kimya na mara ya pili ko-ko-ko ikarudi, linki zina kesi ya kujibu. Nimepokea wateja kadhaa waliofunga shokapu mbili mpya ili kuondoa sauti ya namna hiyo, wakatoka gereji na sauti yao ileile, kumbe aliyekuwa akigonga ni kijiti ambacho kwa bei ya fundi wako ni shilingi 25,000.

Kuvutia kushoto unaposhika breki ni jambo zito zaidi. Kontro amu, yaani mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na mwili wa gari, kila upande wa mbele imeshikwa kwa bushi mbili za mpira, na unapofunga breki barabara husukuma gurudumu lirudi nyuma kwa nguvu ambayo bushi hizo ndizo zinazoipokea. Mpira ukishaachana na bomba la chuma lililo katikati yake, kontro amu husogea milimita kadhaa kila unapogusa pedali, gurudumu likabadilisha uelekeo, na usukani ukauhisi mvuto huo mkononi. Gurudumu lililokosa msimamo namna hiyo ndilo pia hula tairi upande mmoja, hivyo dalili zako mbili za kushoto huenda zina mzazi mmoja. Hata hivyo, kabla ya kununua bushi, breki zenyewe zikaguliwe, kwa sababu pistoni ya kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki, ikiganda upande mmoja nayo huvuta gari vilevile. Siku moja endesha kilomita kama kumi bila kufunga breki kwa nguvu, simama, ukaribishe kiganja kwenye rimu za mbele bila kuzigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko nyenzake, breki yake haiachii, na huo ni ukarabati mwingine kabisa.

Bushi hupimwa kwa mtarimbo na si kwa macho. Fundi huchomeka ncha ya mtarimbo kati ya kontro amu na chuma kinachoibeba, akanyanyua taratibu huku wewe umemulika tochi ya simu kwenye duara la mpira. Bushi nzima hukubali kidogo kisha ikarudi mahali pake, lakini iliyokufa hufungua mdomo, ukaona mwanya mweusi umejitokeza kati ya mpira na bomba, na wakati mwingine unga wa kutu ukidondoka kwenye sakafu. Nyufa ndogo za juu kwenye mpira wa gari la umri huo ni kawaida na hazitoshi kuihukumu bushi. Ikiwa ameangalia nyufa hizo tu na kuandika kwenye orodha, mwombe alete mtarimbo.

Sasa bolijointi, ambayo kwangu ndiyo ya kwanza kwenye orodha hata kama haipigi kelele. Kifaa hiki kinashika sehemu ya chini ya gurudumu, na goroli lake likichomoka gurudumu hulala kwa nje, usukani ukabaki bila kazi. Nikiwa bado mwanafunzi wa ufundi, teksi moja ambayo dereva wake alikuwa ameahirisha kazi hiyo mara mbili ilirudi kwetu ikiwa juu ya gari la kubebea. Bolijointi ya kulia ilikuwa imeachia ikiwa inakata kona kwa mwendo wa mtu anayetembea, draivu shafti ikachomoka na mafuta ya giaboksi yakamwagika njia nzima. Dereva alipona kwa sababu ilikuwa kona, haikuwa barabara kuu. Kifaa alichokuwa anakiahirisha kilikuwa chepesi kuliko simu yake.

Namna ya kuipima inategemea muundo wa gari, na hapa mafundi wengi hukosea. Kwenye Corolla 110 springi imekaa juu ya shokapu, kwa hiyo jeki huwekwa chini ya mwili wa gari mpaka gurudumu lining'inie, kisha mtarimbo hutiwa kati ya kontro amu na chuma kinachobeba haabu, yaani kitovu cha gurudumu. Kwenye gari lenye springi inayokalia kontro amu ya chini, jeki huwekwa chini ya kontro amu yenyewe, vinginevyo springi huibana bolijointi na kuficha uchakavu wake. Ukiona mchezo wa juu na chini, badilisha pande zote mbili. Ukiona buti lake la mpira limepasuka na vumbi limeshaingia, badilisha hata kama haichezi, kwa sababu kwa barabara yako haitachukua muda mrefu kuanza kucheza. Habari njema ni kwamba kwenye Corolla hii bolijointi imefungwa kwenye kontro amu kwa bolti moja na nati mbili, haikugandamizwa ndani, hivyo hailazimu kununua kontro amu nzima. Fundi akishaifunga, angalia kama amerudisha pini ya kuzuia nati isifunguke, tena pini mpya. Zile kuukuu zikinyooshwa na kupindwa tena hukatika.

Tairodi na reki endi, yaani viungo vya nje na vya ndani vinavyopeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu, ndizo ninazozitilia shaka kwenye orodha yako, kwa kuwa hujataja usukani kuwa na uwazi wala kutetemeka. Gari likiwa limenyanyuliwa, mtu mmoja ashike tairi kushoto na kulia alitikise kwa vipigo vifupi, na mwingine aweke vidole kwenye kiungo cha tairodi, kisha aminye mpira wenye mikunjo unaofunika reki endi. Kiungo kilichochoka huhisiwa kwenye vidole kabla ya kuonekana. Kama vyote vinne vimekaza na mabuti yake ni mazima, umeshaokoa shilingi 140,000 kwa kazi ya dakika tano. Ikitokea kimoja kinacheza, kiingie kwenye kazi ya sasa, kisiachwe, kwa sababu kila ukikigusa utahitaji kupiga alaimenti, yaani kunyoosha uelekeo wa magurudumu, na alaimenti hatutaki kuilipia mara mbili.

Kuhusu shokapu yenye mafuta, kwanza hakikisha ni mafuta yake. Unyevunyevu mwembamba karibu na sili ya juu si kosa, lakini mafuta yaliyoteremka mpaka nusu ya mwili wake na kukamata vumbi hata yakawa kama tope kavu ni ishara kwamba kazi imekwisha. Shokapu hubadilishwa mbili kwa ekseli moja, hata kama ya kushoto bado ni kavu, kwa sababu upande mmoja ukizuia kwa nguvu na mwingine ukalegea gari halitatulia kwenye breki wala kwenye kona. Hii haina maana kwamba lazima zibadilishwe nne: jozi ya mbele inaweza kuwa mpya na ya nyuma ikabaki ya zamani, mradi ya nyuma iwe kavu na gari lisinese kule.

Hapo hapo, maunti za shokapu za mbele, yaani vishikizo vya juu vinavyozifunga kwenye bodi, ziingie. Ili kutoa shokapu, fundi lazima ateremshe mguu wote, aibane springi kwa vibano maalumu na kufungua nati ya juu, na maunti ipo chini ya nati hiyo hiyo. Ukiiacha ya zamani kisha ikaanza kulia miezi mitatu baadaye, utalipia kazi yote hiyo upya kwa ajili ya kifaa cha shilingi 35,000. Mwulize pia kuhusu raba ya ndani inayozuia shokapu isigonge mwisho wake na buti linalofunika fimbo yake, ambavyo mara nyingi vimeshasagika na mafundi wengi hufunga shokapu mpya bila hivyo. Fimbo ikibaki wazi kwenye barabara ya vumbi, mchanga huikwaruza, mikwaruzo ikakata sili, na shokapu mpya ikaanza kuvuja kabla hujasahau bei yake. Na kama hana vibano vya springi bali ana kamba na mtarimbo, peleka gari kwingine, kwa ajili ya usalama wake yeye kuliko wako.

Umeuliza kuhusu mtumba. Kwa bushi, bolijointi na tairodi jibu langu ni hapana, bila kujali muuzaji atasema zimetoka Japani na zimetembea kilomita chache. Mpira huzeeka kwa miaka hata ukiwa stoo, na kifaa kilichotolewa kwenye Corolla ya umri sawa na lako kina umri sawa na lako. Shokapu za mtumba ni kesi ya katikati. Ukiiminya yenye gesi ikapanda yenyewe pole pole, ikashuka bila kukwama na sili yake ikawa kavu kabisa, inaweza kukusogeza mwaka mmoja au miwili, lakini ufundi wa kuifunga ni uleule wa mpya, na kwa kilomita 14 za vumbi kila siku sioni kama hesabu hiyo inalipa. Stabilaiza linki za mtumba ni kupoteza nauli.

Vipya navyo vina daraja zake. Kwa Corolla hii soko lina vya Toyota yenyewe, vya makampuni yanayoaminika kama KYB kwa shokapu na 555 kwa bolijointi na tairodi, na vya maboksi yasiyo na jina la maana, pamoja na vya bandia vilivyovaa maboksi ya hao wenye jina. Sikushauri upoteze muda kulisoma boksi. Shika kifaa: chapa na namba zichongwe au zigandamizwe kwenye chuma chenyewe, goroli lizunguke kwa ukinzani mzito ulio sawa kila upande, buti lisiwe na mshono mbaya, na bei isiwe nusu ya maduka mengine matatu. Ukishuka Dar es Salaam mwisho wa mwezi, Kariakoo na Ilala unaweza kulinganisha maduka mengi kwa asubuhi moja. Nenda na namba ya chesisi na kifaa cha zamani kikiwezekana, maana Corolla 110 si gari moja. AE110, AE111, EE111, CE110 ya dizeli na AE114 inayovuta magurudumu manne zote huitwa jina hilo mtaani, na shokapu za moja zinaweza zisikae sawa kwa nyingine. Omba risiti yenye namba ya kifaa, na makubaliano kwamba kisipoingia kinarudi.

Hesabu yako, kwa bei za fundi wako mwenyewe, inakaa hivi. Bolijointi 90,000, bushi za kontro amu 80,000, shokapu za mbele 280,000, maunti 70,000 na linki 50,000 zinafika 570,000. Ufundi wa 200,000 ulikuwa wa gari zima, kwa hiyo mwombe autenganishe. Akikutoza kama 110,000 kwa mbele peke yake, pamoja na kugandamiza bushi kwa presi, utakuwa umefika 680,000. Kwenye orodha yake sioni alaimenti, na hilo ndilo kosa pekee ninalomlaumu nalo. Itengee 35,000, jumla iwe 715,000, na ubaki na akiba ya 35,000, ambayo inatosha kununua tairodi moja endapo vidole vitakuta inacheza. Ikiwa zote mbili zinacheza, ahirisha linki. Utaendelea kusikia ko-ko-ko kwa mwezi mmoja zaidi, lakini hiyo ni kero ya masikio tu, na linki baadaye hufungwa bila kuharibu alaimenti.

Kuna jambo moja la ufungaji ambalo halina gharama na ndilo huamua kama bushi mpya zitadumu. Mpira wa bushi umegandishwa kwenye bomba lake la katikati, na bolti ikikazwa bomba hilo halizunguki tena. Kila kontro amu inapopanda na kushuka, ni mpira unaojipinda. Fundi akikaza bolti za mwisho gari likiwa bado limening'inia kwenye jeki, mpira hufungwa katika hali ya gurudumu lililoshuka, kisha gari likitua chini bushi inaishi ikiwa imepindwa mchana na usiku, na huchanika mapema hata ikiwa ya Toyota yenyewe. Bolti zinapaswa kushikishwa tu kwanza, gari literemshwe likae kwa uzito wake kwenye magurudumu, litikiswe mara mbili tatu, ndipo zikazwe kabisa. Kaa gerejini mpaka hatua hiyo, mwalimu, hata kama utaonekana msumbufu. Mimi mwenyewe nilifunga bushi kimakosa kwa karibu mwaka mzima kabla mzee mmoja hajanikalisha kitako na kunielekeza, na wateja wa mwaka huo nawadai msamaha.

Bushi za nyuma za shilingi 150,000 zisubiri. Nyuma ya Corolla hii kila gurudumu lina mikono miwili ya kukingama na mmoja wa kuelekea mbele, kwa hiyo bushi ni nyingi kweli na bei yake si ya uongo, lakini hujataja matairi ya nyuma kulika wala gari kuyumba kwa nyuma kwenye mwendo wa barabara kuu. Zipimwe kwa mtarimbo siku hiyo hiyo gari likiwa juu, na zilizokufa ziandikwe, ili orodha ya pili iwe ya vilivyopimwa.

Suala la kuuza linategemea kitu ambacho hukukitaja, nacho ni bodi. Mwombe fundi afungue boneti na kukwangua uchafu mahali shokapu inaposhikwa juu, kisha aangalie chini mahali kontro amu inapofungwa. Kukiwa na kutu iliyokula chuma au nyufa kwenye maungio hayo, usifunge chochote, kwa kuwa bolijointi mpya haishikwi na bati bovu, na hapo kuuza kuna maana. Kama bodi ni nzima na injini na giaboksi havikusumbui, shilingi 715,000 usizilinganishe na bei ya Corolla yako sokoni, zilinganishe na fedha utakazoongeza juu ya mauzo yake ili kupata gari jingine ambalo nalo miguu yake huijui. Tena, mnunuzi akilijaribu likiwa linagonga hivyo, atakukata zaidi ya gharama ya matengenezo.

Tairi la mbele kushoto lililolika ndani usilitupe wala usilihamishie nyuma kabla ya kazi. Lifunge tena palepale baada ya alaimenti, chora mstari wa chaki kukatiza uso wake wote, uendeshe mita mia mbili hivi kwenye lami iliyonyooka, kisha utazame chaki imefutika wapi. Peleka pia gari kwenye mashine inayopima magurudumu yote manne, ukaombe karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Vya nyuma vikiwa nje ya kiwango, nitumie picha ya karatasi hiyo pamoja na orodha ya bushi zilizopimwa, tuone ipi kati ya zile za shilingi 150,000 inahitaji kubadilishwa.